Ayubu Ashuka Duarani

Ritha Maduhu, mama yake Noela, alijaliwa sauti. Ngokolo nzima hakuna aliyelibishia hilo. Mchana alikuwa fundi cherehani pale Kambarage, jioni alifundisha kwaya, na akianza kuimba hata waliokuwa wakigombana dirishani kwa jirani walinyamaza kwanza wamsikilize. Kwa hiyo makanisa machache ya Shinyanga yalipokubaliana kurekodi vitabu vya hekima kwa Kisukuma cha kuzungumzwa, kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma na wachungaji wa ng'ombe wanaotembea na redio shingoni, hawakutafuta mbali. Walimfuata Ritha.

Mithali ilikwenda kama maji mtoni. Wasukuma na methali ni chanda na pete. Alikuwa akisoma nusu ya mstari, msikilizaji anammalizia nusu ya pili kwa methali yake mwenyewe. Mhubiri naye alipita. Kisha wakafika kwa Ayubu, na huko ndiko jembe lilipogonga jiwe.

Kazi yao ilikuwa na sharti moja. Kabla sura haijarekodiwa, ilisomwa kwanza mbele ya watu ambao hawajawahi kuisikia, halafu wanaulizwa swali jepesi: umesikia nini? Rasimu ya sura ya ishirini na nane, Ritha aliipeleka Tinde, nyumbani kwa mama yake, Klara. Alimkuta na jirani zake wanabangua karanga. Akawasomea taratibu, kwa sauti yake ile ya kuliwaza: watu wanachimba shimo mbali na makazi, wamesahauliwa na nyayo za wapitao, wananing'inia, wanayumba huku na huku.

Alipomaliza, hakuna karanga iliyobanguliwa. Mama yake alishika tama.

"Maskini," alisema Klara. "Sasa huyo waliyemchimbia kaburi porini ni nani? Hana ndugu?"

"Mama, si kaburi."

"Shimo mbali na watu, wapita njia wamelisahau, halafu mnasema si kaburi?"

"Na hao wanaoning'inia," alidakia jirani mmoja, "ni wauaji wenyewe. Wamenyongwa. Mungu halali."

Wakaanza kusikitika kwa pamoja. Mmoja akakumbuka shemeji yake aliyepotelea Kahama, na kabla Ritha hajafungua kinywa kueleza, ua mzima ulikuwa msibani. Sura ya hekima ilikuwa imegeuka kesi ya mauaji.

Kesho yake alimpelekea habari hizo Mchungaji Sostenes, kiongozi wa kazi ile, ofisini Ngokolo. Sostenes alikuwa mtu wa Kibondo, mwembamba, aliyekuwa amejifunza Kiebrania chuoni na bado akikipenda kama mtu anavyompenda mchumba. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wamenyongwa!" alisema akifuta machozi. "Lakini Mama Noela, kosa si lao. Kosa ni letu. Mwandishi anaimba habari za wachimba madini, na sisi tumeandika kama tunasoma tangazo la kifo."

"Wachimba madini? Ayubu?"

"Ndiyo! Tazama mwanzo wa sura. Fedha, dhahabu, chuma, shaba." Aliinuka, akaanza kutembea, jambo alilolifanya kila alipopata moto. Akamweleza kwamba kusini mwa nchi ya Israeli, katika jangwa la Araba, kuna mashimo ambamo watu walichimba shaba zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Mashimo yenyewe membamba, yamekwenda chini wima, na kwenye kuta wachimbaji walichonga vijishimo vya kuwekea vidole vya miguu. Akamweleza kwamba watu wa kale walikuwa wakiwasha moto kwenye mwamba ili upasuke, na ndiyo maana wengi hudhani mshairi anasema juu ya ardhi mkate unaota, ila chini yake kunapinduliwa kama kwa moto. Na katika migodi mingi ya zamani walioshushwa humo walikuwa mateka na watumwa, watu ambao hakuna aliyeuliza kama wamepanda juu salama.

"Neno lenyewe la kuning'inia," aliendelea, "kwa Kiebrania lina harufu ya wembamba, ya kitu kilichopungua uzito. Wanalegea hewani. Najua maana yake kwenye kamusi. Ila sijui linavyofanana."

"Wewe umewahi kuona mgodi, Mchungaji?"

"Kwenye picha tu. Tena picha za wazungu na vipimo vyao."

Mara Ritha akaruka kitini kama aliyekalia siafu. "Thobias!"

Thobias alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuwa amejichimbia machimboni upande wa Geita, mahali panapoitwa Mwabasanda, na nyumbani alionekana Krismasi tu, tena si kila Krismasi. Ritha hakuwahi kumtembelea. Alikuwa akisema machimbo ni mahali pa vumbi na bia. Sasa alifunga cherehani, akamwachia binti yake Noela funguo za duka, na kulipokucha akawa njiani.

Mwabasanda ilimpokea kwa kelele. Mitambo ya kusaga mawe, wenyewe wanaiita karasha, ilikuwa ikinguruma kila upande, na unga mweupe wa mawe umefunika vibanda, mbuzi na nyusi za watu. Thobias alipanda kutoka shimoni akiwa mweupe vilevile. Meno tu ndiyo yaliyomtambulisha.

"Dada! Shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimekuja kuingia shimoni."

Thobias alicheka. Alipoona dada yake hacheki, akaacha.

Shimo lao, kama wachimbaji wote wanavyosema, liliitwa duara. Mwenye duara alikuwa mwanamke, Martina, mjane mnene mwenye sauti nzito, wanayemwita Mama Aneth. Msimamizi wake alikuwa Mageni, mtu mzima mwenye makovu mikononi, na neno la Mageni pale mdomoni mwa shimo lilikuwa sheria. Ritha aliwaeleza wote wawili alichokuja kutafuta. Akawasomea na ule mstari wa kuning'inia.

"Mama, nakuheshimu," alisema Mageni. "Lakini mwanamke haingii duarani. Akiingia, dhahabu inakimbia. Hata huyu bosi wangu mwenye mali hajawahi kushuka."

"Ni kweli?" Ritha alimgeukia Martina.

Martina alikuwa akitazama lile shimo, tundu la mraba lililozungushiwa magogo, lililomsomeshea watoto wote.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Namlisha mtu aliye tumboni mwake, nalia mtu akiumia tumboni mwake, na tumbo lenyewe sijaliona." Kisha akaonekana kama mtu aliyejishangaa mwenyewe. "Mageni, wiki hii yote tumepata nini?"

"Mawe matupu, bosi."

"Basi hiyo dhahabu imeshakimbia bila mwanamke. Leta kamba. Tunashuka wawili."

Pakazuka zogo. Wachimbaji wa maduara ya jirani walikuja kushangaa. Wengine walipiga miluzi, mzee mmoja akatema mate akaondoka zake. Mageni alibishana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwisho alinyoosha mikono akasema kama ni kushuka, basi watashuka kwa utaratibu wake na si wa mtu mwingine. Akakagua kamba mwenyewe, shubiri kwa shubiri. Martina alileta suruali mbili za kazi. Ritha, mwalimu wa kwaya, akavaa suruali mbele ya halaiki, akavikwa kofia ngumu yenye taa, akafungwa mkanda mapajani na kiunoni. Roda ya kamba ikalia. Ardhi ikamtoka miguuni.

Mwanzoni aliomba. Halafu akasahau kuomba. Kuta zilipanda juu taratibu mbele ya macho yake, udongo mwekundu, kisha wa kijivu, kisha mwamba wenye jasho. Kila baada ya hatua chache palikuwa na magogo yaliyobanwa kuzuia kuta zisibomoke, yale wanayoyaita matimba, na katikati ya matimba vijishimo vimechongwa kwenye mwamba, kila kimoja kinatosha ncha ya mguu tu. Ritha alikigusa kimoja kwa kidole. Vijishimo vya jangwa la Araba, alivyosimuliwa ofisini Ngokolo, vilikuwa hapa, vya juzi, na ndani yake mlikuwa na tope la buti la mdogo wake.

Kisha kamba ikaanza kuzunguka. Akaligusa gogo, akapepesuka, akaenda upande wa pili, akarudi. Kelele za karasha zilikuwa zimezimika. Juu, anga lilikuwa limebaki dogo kama kitambaa cha mkononi, na hakuna kilichopita mle, si mwewe, si hata kunguru. Akatambua kwamba mwili wake, ambao juu una jina na duka na kwaya, hapa haukuwa na uzito wowote. Mpita njia angeweza kupita karibu na lile shimo asijue kwamba chini yake kuna mtu.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele. "Ndiyo hii! Ndivyo linavyofanana!"

"Dada, tulia!" Thobias alijibu kutoka chini. "Usirushe miguu!"

Alitua kwenye maji ya kifundo cha mguu. Thobias alimfungua kamba, na baada ya muda Martina naye akashushwa, akitweta na kucheka kwa zamu. Alipokanyaga chini alishika ukuta kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Kutoka pale njia ilikwenda pembeni, ya kutambaa, na mwishoni mwake wachimbaji wawili walikuwa wakigonga mwamba kwa nyundo na tindo. Taa zao zilikata giza vipande vipande. Pampu ilikuwa ikivuta maji. Walisokota matambara wakaziba mahali maji yalipokuwa yakivuja, na Ritha akakumbuka kwamba hata hilo limo kwenye sura: mwanadamu anafunga vijito visitiririke. Alikuwa kama mtu anayekutana na jamaa zake mmoja mmoja kwenye mji wa ugenini.

Hapo sauti ya Mageni ikashuka kutoka juu, ndefu, imevutwa kama wimbo.

"Ipo-o-o?"

Thobias alipandisha kichwa. "Nduhu!"

Nduhu, kwa Kisukuma, ni hakuna. Wale wawili wa mwisho wa njia nao wakaitikia bila kuacha kugonga, mmoja baada ya mwingine: "Nduhu! ... Nduhu!" Neno likapanda shimoni likigonga kuta, mpaka likafika juu limechakaa.

Ritha alimgeukia mdogo wake. "Anauliza nini?"

"Dhahabu. Anauliza kila mara. Sisi tunamjibu."

"Kila mara?"

"Mpaka ipatikane, dada. Ndiyo kazi yenyewe."

Ritha akashika mkono wa mdogo wake kwa nguvu kiasi cha kumuumiza. Kwa kuwa ndani ya sura ile mshairi anauliza mara mbili, hekima itaonekana wapi, na mahali pa ufahamu ni wapi? Na vilindi vinajibu, haimo ndani yangu. Bahari inajibu, haiko kwangu. Mauti yenyewe inaulizwa, nayo inasema imesikia tetesi tu. Alikuwa ameyasoma maneno hayo kama hotuba ya mtu mmoja anayejisemea. Kumbe zilikuwa sauti mbili! Mmoja yuko mdomoni mwa shimo la dunia anaita, na dunia inamwitikia kutoka chini, tabaka kwa tabaka: nduhu.

Akaanza kuita palepale, kwa Kisukuma, kwa ile sauti yake. Aliita kilindi. Thobias, bila kuambiwa, akaitikia. Aliita bahari. Wale wa nyundo wakaitikia. Walipofika kwenye mauti Martina naye alikuwa ndani ya kibwagizo, na sauti yake nzito ikajaza njia nzima. Mageni huko juu, asijue kinachoendelea, alipiga kelele, "Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia!" Martina alimjibu. "Tunasali!"

Ritha alipopandishwa hakusubiri hata kunawa uso. Alipanda kichuguu ambako mtandao ulikuwa ukipatikana, akampigia Mchungaji Sostenes, akamweleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili akasikia kurasa zinapinduliwa haraka.

"Mama Noela," alisema Sostenes. "Swali linarudi. Mstari wa kumi na mbili, halafu wa ishirini. Karibu sawa neno kwa neno. Nimefundisha sura hii mara ngapi, nikaita marudio tu. Ni kibwagizo! Endelea, niambie, walijibu kwa mpigo gani?"

Wakaimbiana kwenye simu, mmoja juu ya kichuguu, mwingine ofisini Ngokolo, mpaka salio la Ritha likaisha.

Mageni alikuwa amesimama chini ya kichuguu anamsubiri. Alikuwa amesikiliza. "Nina swali," alisema. "Huyo mwandishi wenu anatusifu au anatucheka? Maana kama mwisho wake hekima haipatikani kwa kuchimba, basi sisi ni wajinga tuliopamba hadithi."

Lilikuwa swali zito. Ritha aliketi juu ya jiwe. "Angekuwa anawacheka," alisema, "asingewatazama hivi kwa makini. Ameona mikono yenu. Ameona kamba. Anasema hakuna mnyama mwenye akili ya kufika mlikofika, simba hajakanyaga, mwewe hajaona. Amewapandisha juu kabisa, Baba. Halafu ndipo anasema: hata hawa, waliokomesha giza, hawajaifikia. Kama angewachagua watu wa kawaida, swali lisingekuwa na uzito."

"Na jibu?"

"Jibu liko mwisho. Kumcha Bwana ndiyo hekima, na kujitenga na uovu ndio ufahamu. Haichimbwi. Unaiishi."

Mageni alikuna kovu la mkononi. "Jumapili yasome hayo hapa," alisema. "Mimi nitaita."

Kwa hiyo Jumapili ile hawakwenda kwenye jengo la kanisa. Walisimama kati ya vifusi, karasha zimezimwa, na watu wakaja kuliko ilivyotarajiwa. Alikuwapo hata mchimbaji mmoja Mwislamu kutoka Kondoa, aliyesema Nabii Ayubu ni wao pia, hawezi kusomwa yeye akiwa amelala. Ritha alisoma habari za shimo na kamba na moto, na alipofika kwenye swali akamwachia Mageni. Mageni aliita kama anavyoita kila siku, na kundi zima likamrudishia nduhu moja iliyowaondoa njiwa kwenye mabati. Mara ya pili sauti zilikuwa chini zaidi. Alipofika mwisho, kwenye jibu, Ritha hakuimba. Alilisema tu, kama mtu anavyomwambia ndugu yake neno la kweli jikoni. Kisha yule wa Kondoa akasema, "Naam," na watu wakalipuka kwa vigelegele.

Ile dhahabu? Duara la Martina halikutoa kitu wiki ile, kama ambavyo halikutoa wiki iliyotangulia, na wabishi wa Mwabasanda mpaka leo hawajui wamlaumu nani. Ila Martina sasa anashuka kila anapotaka. Ameagiza matimba mapya kwa kona mbili ambazo miaka yote aliambiwa ziko salama, na yeye mwenyewe akaona kwamba hazikuwa salama.

Tinde nako walijaribu tena. Safari hii Klara na jirani zake waliitikia kuanzia kilindi mpaka mauti, na walipoulizwa wamesikia nini, Klara alisema, "Nimesikia kazi ya Thobias. Sikujua kama Mungu ameiandika." Jioni ile alimpigia mwanawe simu, wakazungumza mpaka betri ikaisha.

Sura ilirekodiwa kwenye chumba kidogo cha nyuma ya kanisa, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za bodaboda. Mageni na Thobias walisafiri kuja kuitikia, na fundi mitambo alilazimika kuwasogeza mbali na maiki mara kwa mara, maana walikuwa wamezoea kuongea na watu walio chini ya ardhi. Walipomaliza, Sostenes alikuwa tayari amefungua sura inayofuata, ile Ayubu anapokumbuka siku alizokwenda langoni mwa mji na vijana wakajificha, wazee wakasimama.

"Lango," alisema Ritha. "Lango lina nini la kumfanya mtu ajivunie? Mlinzi wa getini naye anakaa langoni."

"Zamani langoni ndiko kesi zilikoamuliwa," alijibu Sostenes, tayari amesimama, tayari anatembea. "Ndipo mahakama, ndipo soko, ndipo baraza."

"Basi tuseme shikome, pale kwenye moto wa wazee."

"Shikome ni pa familia, dada," Thobias alipinga. "Lango ni pa mji mzima."

"Hata kidogo!" alisema Mageni, akivuta kiti. "Nyie hamjui shikome ya baba yangu."

Fundi mitambo akazima mashine, akaenda kununua chai ya watu wote, kwa kuwa aliona wazi kwamba hakuna anayeondoka.